Kupiga Majeshi ya Ardhini kwa Ndege kwenye War in the Pacific: Admiral's Edition: Mwongozo wa Anayeanza

War in the Pacific ni mchezo wa kompyuta wa Vita vya Pili vya Dunia kwenye Pasifiki, na maswali ni yale yale kila mgeni anapoingia. "Nimeagiza ndege zishambulie, mbona hazijaruka?" "Nimepiga mabomu wiki nzima, mbona adui yuko palepale?" "Niziweke futi ngapi?" Nimeyajibu mara nyingi kwa vipande vipande, kwa hiyo hapa nayapanga yote mahali pamoja, kwa mtu ambaye ameshajua kusogeza meli na vikosi lakini ndege zake za mabomu hazimsaidii askari wa miguu.

Nazungumzia Admiral's Edition, toleo la 2009, ambako zamu moja ni siku moja na heksi moja (kijisehemu cha ramani chenye pembe sita) ni maili 40 za baharini. Mashambulizi dhidi ya meli yana mambo yake na siyagusi. Hapa ni amri moja tu: Ground Attack.

Kabla ya yote, shika jambo hili. Mabomu hayateki heksi. Kazi ya ndege ni kumvuruga adui ili askari wako wamkute amechoka, amepungua na hajajipanga. Ukipiga bila askari wa kuingia, umechoma vifaa vyako bure, kwa sababu adui akipata siku chache za kupumzika anarudi kama alivyokuwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Uwanja wa ndege wa ngazi ya 4 au zaidi kwa ndege za mabomu za injini mbili. Chini ya hapo zinaruka na mzigo pungufu. Zile za mzigo mkubwa, hasa za injini nne, zinataka uwanja mkubwa zaidi ya huo.
- Vifaa vya kutosha uwanjani. Kila ndege inayoruka kwenda kupiga inakula vifaa, na uwanja mkavu haurushi kitu.
- Mafundi wa ndege wanaolingana na idadi ya ndege zilizopo. Wakiwa wachache, ndege zilizoharibika zinarundikana bila kutengenezwa.
- Skwadroni moja ya upelelezi inayofikia heksi unayoitaka.
- Ndege za kivita za kusindikiza, au za kusafisha anga mbele.
- Askari wa miguu waliomo kwenye heksi hiyo hiyo na adui, wamepumzika na wana vifaa.

Kama hilo la mwisho huna, anza nalo. Mengine yatasubiri.

Hatua kwa hatua

1. Chagua heksi moja.

Moja tu. Kosa la kwanza la anayeanza ni kugawa skwadroni nne kwa heksi nne ili "kila mahali papate kidogo". Hiyo ni sawa na kumwagia shamba zima ndoo moja ya maji. Skwadroni nne kwenye heksi moja kwa siku tatu mfululizo zinamwacha adui akiyumba. Zikigawanywa, hakuna hata heksi moja itakayoonyesha tofauti askari wako wanapoingia.

Chagua heksi ambayo kutekwa kwake kunafungua njia, kwa mfano makutano ya barabara, uwanja wa ndege au kivuko cha mto.

2. Peleleza kwanza, siku kadhaa.

Watu wengi wanairuka hatua hii, na majibu ya "nimepiga wiki nzima" huwa yamejificha hapa. Kila kikosi cha adui kina kiwango cha kugunduliwa. Ukipeleka kipanya juu ya heksi utaona namba. Ikiwa ndogo, marubani wako wanadondosha mabomu juu ya miti. Ikipanda, yale yale mabomu yanaanza kuua.

Ipe skwadroni ya upelelezi amri ya Recon, na uiandikie heksi yenyewe badala ya kumwachia kamanda achague. Ianze siku mbili tatu kabla ya mabomu, na iendelee kuruka siku zote za mapigano. Usiisimamishe eti kwa sababu umeshamwona adui. Kiwango kinashuka upelelezi ukikoma.

3. Angalia ardhi na mahandaki.

Adui aliyeko sehemu wazi, na hasa aliyeko njiani akiwa katika hali ya kusafiri, anaumia sana. Yule aliye msituni au milimani anaumia kidogo. Aliyejichimbia mahandaki ya ngazi za juu milimani utampiga mwezi mzima bila kumng'oa.

Mchezo haujatia chumvi hapo. Kisiwani Peleliu, Septemba 1944, ndege za Corsair za wanamaji wa Marekani zilipiga mlima wa Umurbrogol kutoka uwanja uliokuwa karibu mno, kiasi kwamba marubani wengi hawakuona haja hata ya kukunja magurudumu kabla ya kuangusha napalm (mabomu ya moto). Ndege hazikukosekana, umbali haukuwa tatizo. Hata hivyo Wajapani walikuwa mapangoni, na mapigano yalikwenda hadi mwishoni mwa Novemba. Ukiona heksi ya aina hiyo kwenye ramani yako, jiulize kwanza kama unaihitaji. Mara nyingi kuizunguka na kumkatia vifaa ni nafuu kuliko kuipiga.

4. Andaa marubani.

Fungua orodha ya marubani wa skwadroni. Kuna ustadi wa kupiga ardhini kutoka juu, na kuna ustadi wa kupiga ardhini kutoka chini. Ni namba mbili tofauti. Rubani hodari wa kupiga meli anaweza kuwa mbumbumbu ardhini.

Chini ya 50 usitarajie mengi. Lenga 60 kwenda juu, na ukifika 70 hapo una kikosi cha kazi. Namna ya kufika ni kuwaweka nyuma ya mstari wa mbele kwa amri ya Training, ukichagua mafunzo ya Ground Attack, kwa miezi kadhaa. Ukitaka ustadi wa kupiga kutoka chini, wafundishe katika kimo cha chini. Kwa Mjapani jambo hili ni la kufa na kupona: marubani wazuri wa mwaka wa kwanza wakiisha, wanaoingia ni wabichi, na asiyeanza mafunzo mapema anajikuta 1943 hana mtu wa kurusha.

5. Safisha anga.

Kama adui ana ndege za kivita zinazolinda heksi hiyo, tuma zako kwa amri ya Sweep kwanza, siku moja kabla ikiwezekana. Siku ya mabomu, weka nyingine kwenye Escort, uwanja uleule na ndege za mabomu au jirani yake. Ndege za mabomu zisizo na msindikizaji huvunjika safu, hurudi na mashimo, na ari ya marubani huanguka. Skwadroni iliyovunjika ari haitaruka kesho hata ukiibembeleza.

6. Weka amri za skwadroni, kipengele kwa kipengele.

Chukua mfano wa skwadroni ya Blenheim IV, ndege ya mabomu ya Kiingereza, iliyoko Chittagong, na adui yuko Akyab, pwani ya Burma. Fungua dirisha la skwadroni, kisha:

a) Kazi ya kwanza: Ground Attack.

b) Kazi ya pili: Rest. Ukiiacha Naval Attack, skwadroni inaweza kukimbilia meli siku uliyoitegemea ardhini.

c) Shabaha: bonyeza sehemu ya shabaha na uandike Akyab mwenyewe. Ukimwachia kamanda, atachagua anachopenda, na hicho mara nyingi sicho ulichotaka.

d) Masafa: punguza hadi yafikie shabaha tu. Angalia pia kama uko ndani ya masafa ya kawaida. Ukiingia kwenye masafa marefu, mzigo wa mabomu unapungua. Kusogeza skwadroni uwanja mmoja mbele kunaweza kuongeza mabomu kuliko kuongeza skwadroni nzima.

e) Asilimia za doria, mafunzo na mapumziko: siku za mapigano ziwe sifuri. Asilimia 20 uliyoisahau kwenye mafunzo ni ndege ambazo hazitakwenda.

f) Kimo. Hiki kina hatua yake.

7. Chagua kimo kwa akili.

Hakuna namba moja ya kila siku. Unabadilishana usalama na shabaha: ukishuka unalenga vizuri, lakini kila bunduki iliyoko chini inakufikia.

Kwa ndege za kawaida za mabomu, anza na futi 6,000 hadi 10,000. Kama heksi haina mizinga ya kutungulia ndege, shuka kidogo kidogo ukitazama hasara. Kama ina mizinga mingi, panda, ukubali kukosa zaidi. Usizishushe ndege kubwa hadi karibu na ardhi kwa sababu tu umeona mtu mwingine akifanya hivyo. Marubani huchoka upesi, ari hushuka, na ndege hurudi zikiwa vipande.

Ndege za kupiga mbizi, kama Vengeance, Dauntless na Val, ziweke kati ya futi 10,000 na 14,000. Huko ndiko zinakopiga mbizi kweli. Wanaoanza huziweka futi 3,000 wakidhani zitalenga vizuri zaidi, kumbe wamezinyang'anya kazi yake.

Ndege zilizoundwa kushambulia kwa chini, kama A-20G na B-25 zenye bunduki nyingi puani, hizo ndizo za kushusha. Zikiwa futi 100 hutumia pia bunduki zake. Kihistoria zilipata umaarufu katika vita vya New Guinea chini ya Jenerali George Kenney. Mafundi wake, Paul "Pappy" Gunn akiwa mbele, walijaza bunduki kwenye pua za ndege. Septemba 1942, A-20 zake zilipiga uwanja wa Buna kwa mabomu madogo yaliyofungwa miavuli, ili ndege ipate muda wa kuondoka kabla hayajalipuka. Bila miavuli ile, anayedondosha bomu akiwa chini kiasi hicho angejilipua mwenyewe.

Ndege za kivita nazo unaweza kuzipa Ground Attack. Zinafaa dhidi ya adui aliye barabarani bila mizinga. Usizitoe zote, maana hizo hizo ndizo wasindikizaji wako.

Neno moja kwa wanaocheza na mwenzao kwa barua pepe: kubalianeni mapema kuhusu ndege za injini nne. B-24 nyingi zikishushwa juu ya askari kila siku huharibu mchezo kwa aliye upande wa Japani, na ndiyo maana wengi huwekeana sharti la kimo, kwa kawaida zisishuke chini ya futi 10,000.

8. Oanisha siku ya mabomu na siku ya askari.

Hapa ndipo mwongozo mzima unapolala. Ndani ya zamu, ndege zinaruka kwanza, asubuhi na mchana. Vita vya ardhini vinapigwa baadaye, siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mabomu ya leo yanawasaidia askari wa leo. Ukipiga Jumatatu na kushambulia Alhamisi, umempa adui siku mbili za kujikusanya.

Mpangilio ninaoutumia na kuuamini ni huu. Siku ya kwanza na ya pili, ndege zinapiga na mizinga yako ya ardhini iko kwenye Bombard (kupiga kwa mizinga tu). Siku ya tatu, ndege zinapiga tena na askari wako kwenye Deliberate Attack (shambulio la kupangwa). Usikimbilie Shock Attack (shambulio la nguvu zote kwa mkupuo) kwa sababu mabomu yamelia sana. Hali halisi ya adui huioni kwenye skrini.

Kumbuka hali ya hewa. Huwezi kuiamuru, na mawingu mazito yanaweza kuzuia nusu ya ndege zako siku ile ile uliyoitegemea. Kwa hiyo usiweke shambulio ambalo litakuwa maafa ndege zisipokuja. Burma kuanzia Mei mvua za masika ya kule huharibu kila ratiba. Wanajeshi wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wazee wetu wa Keya (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walisukuma bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944 katika mvua hizo, njia zikiwa tope, na wakaingia Kalewa tarehe 2 Desemba. Mchezo umewaweka, na hata Mombasa imo, pembeni nje ya ramani kuu. Ukiwa na divisheni hiyo mkononi, ipe mabomu siku zenye anga safi na vifaa siku zote.

9. Soma ripoti ya mapigano kwa utulivu.

Baada ya zamu fungua ripoti na utafute shambulio lako. Tazama mambo manne. Hali ya hewa juu ya heksi. Idadi ya ndege zilizofika, uilinganishe na ulizotuma. Mstari wa ndege zenyewe, kwa mfano Blenheim 12 kutoka futi 6,000, kila moja na mabomu manne ya ratili 250: hapo utagundua kama kimo na mzigo ni ulivyotaka. Kisha hasara za adui.

Kwenye hasara, tofautisha makundi yaliyoangamizwa na yaliyolemazwa. Mabomu huangamiza machache na kulemaza mengi. Usikate tamaa ukiona sifuri kwenye yaliyoangamizwa na kumi kwenye yaliyolemazwa. Hayo kumi hayatapigana vizuri leo, na leo ndiyo uliyoitaka. Tena namba za adui ni makadirio, ukungu wa vita umezifunika, kwa hiyo tazama mwelekeo wa siku tatu kuliko siku moja.

Mvurugiko wa adui hauandikwi kwa namba. Utaujua siku askari wako wanapoingia na uwiano wa nguvu kwenye ripoti ya ardhini ukawa mzuri kuliko ulivyotarajia.

10. Pumzisha kabla hawajachoka kupita kiasi.

Siku tatu au nne za kupiga mfululizo, kisha mapumziko. Angalia uchovu na ari ya kila skwadroni. Skwadroni iliyochoka hupata ajali wakati wa kupaa na kutua, na hasara hizo zinaweza kuzidi zile anazokutia adui bila wewe kuona. Ukiwa na skwadroni sita, tumia nne na uzibadilishe. Ila siku ya askari kuingia, zote ziruke.

Walioweza kuweka ndege juu ya askari mfululizo walikuwa na zamu za namna hii. Mapema 1945 kule Luzon, Ufilipino, ndege za Dauntless za wanamaji kutoka uwanja wa Mangaldan zililinda ubavu wa Divisheni ya 1 ya Wapandafarasi ilipokuwa ikikimbilia Manila. Ndege tisa zilikuwa angani muda wote kuanzia alfajiri hadi jioni, kundi moja likipokea jingine.

Mambo yakienda kombo

*Ndege hazikuruka kabisa.* Fuata mpangilio huu: vifaa vya uwanja, hali ya hewa, ari na uchovu, masafa, uharibifu wa njia ya kurukia. Kama vyote ni sawa, tazama kiongozi wa skwadroni. Mwenye uthubutu mdogo anaahirisha mara kwa mara, mbadilishe.

*Ziliruka chache.* Fungua orodha ya ndege zilizo matengenezoni. Zikiwa nyingi, mafundi hawatoshi au umejaza uwanja kupita uwezo wake. Hamisha skwadroni moja.

*Zilikwenda heksi nyingine.* Uliacha shabaha kwa kamanda. Rudi hatua ya 6.

*Zilipiga uwanja wa ndege badala ya askari.* Ulichagua Airfield Attack. Amri hizo zimekaa karibu na kosa hili ni la kawaida sana. Njia ya kurukia iliyotobolewa haimpunguzi askari hata mmoja.

*Mabomu mengi, hasara sifuri siku zote.* Kiwango cha kugunduliwa kiko chini, au marubani hawana ustadi, au adui yuko kwenye mahandaki. Ongeza upelelezi siku tatu. Namba zisipobadilika, acha heksi hiyo.

*Hasara zetu kubwa, hakuna ndege za adui.* Ni mizinga ya ardhini. Panda futi 3,000 zaidi na utazame tena. Kama inaendelea, hesabu ndege zilizoanguka njiani kurudi, maana huo ni uchovu au masafa marefu mno.

*Adui amelemazwa sana lakini askari wetu wamepigwa.* Fungua dirisha la askari wako wenyewe. Mara nyingi wamevuka mto siku ile ile, au wamefika wakiwa wachovu na vifaa nusu. Warudishe kwenye hali ya kujilinda, ziache ndege ziendelee kupiga kidogo kidogo ili adui asipumzike, na uwaingize tena uchovu wao ukishuka.